Mstari Mweupe wa Goli la Kusini

Nasikia nyinyi vijana wa uwanja wa Bungoma mmenipa jina. Mnaniita Mzee Chokaa, kwa sababu kila nikipita hapo natia mkono kwenye ndoo yenu kabla hata sijawasalimu. Juzi mmoja wenu aliniambia, "Budaa, hiyo ni chokaa tu bana, si sumu." Sikukasirika. Nimeitwa majina mabaya zaidi na mashabiki wenye kiu. Lakini leo nataka niwaeleze kwa nini ule mkono unaingia kwenye ndoo, halafu anayetaka kucheka acheke.

Kwenye simu zenu iko picha ya ile siku tuliyochukua kombe Kitale, wakati klabu yetu ilipofika fainali ya vilabu vya nchi jirani. Mmeiona wote. Kipa wetu, Simiyu, amebebwa mabegani, mikono iko juu, uso umelowa, na kila mtu anayemzunguka amefungua mdomo. Chini ya miguu yao unaonekana mstari wa goli, mweupe kuliko jezi mpya. Watu huonyesha machozi ya Simiyu wakasema tazama furaha ile. Haikuwa furaha. Macho yake yalikuwa yanaungua, na kilichokuwa kikiyaunguza ni ule mstari. Siku hiyo ndipo alipoyapoteza. Mimi nilikuwa karibu sana na mahali picha ilipopigiwa, ila mpiga picha alielekeza kamera upande wa kombe.

Nimetunza viwanja maisha yangu yote ya kazi, kwanza Kitale, kisha hapa Bungoma nilipomalizia. Mtu akisikia hivyo hudhani nilikuwa nakata nyasi. Kukata nyasi ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kugombana na maji, fuko, ng'ombe, wahubiri wanaotaka kuchimba mashimo ya nguzo za mahema, na wanasiasa wanaotua na helikopta katikati ya uwanja kana kwamba nyasi zilipandwa kwa ajili yao. Ukimaliza ugomvi huo wote, wachezaji wanaingia, wanaharibu kila kitu kwa muda wa mechi moja, na hakuna anayekushukuru. Kama unataka kushukuriwa, kapike chapati.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Ndiema wa Saboti. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na hakuamini kipimo chochote ambacho hakukipima kwa kamba yake mwenyewe. Siku yangu ya kwanza alinipa ile kamba na kigingi nichore duara la katikati. Nikachora kwa bidii. Akalizunguka mara moja, akakaa chini katikati yake, akanituma chai.

Nikamuuliza kama tumemaliza. "Umechora yai," akasema. "Sasa mimi nangoja kuku atoke."

Nilikuwa nimeanza asubuhi kamba ya katani ikiwa imelowa umande, nikamaliza jua limetoka. Kamba ya katani ikilowa hujivuta ikawa fupi, ikikauka inarefuka, na duara linakwenda nayo. Siku hizi mna kamba za nailoni, hamwezi kufanya kosa hilo, lakini mmepata mengine. Mnapima kutoka kwenye mlingoti wa goli bila kuangalia kwanza kama mlingoti wenyewe umesimama wima.

Mzee Ndiema alinifunza kutoboa ardhi kwa uma wa shamba kabla ya masika, maji yapate pa kwenda. Alinifunza kukausha dimbwi kwa godoro kuukuu, unalilaza, unalikanyaga, unalikamua nje ya uwanja, unarudi tena. Alinifunza kwamba ukikuta tundu la fuko usilizibe kwa udongo tu, maana fuko ana nguvu kuliko serikali ya kaunti. Na alinifunza kuongea na watu. Msimu wa kuvuna, Trans-Nzoia yote ni mahindi, na mtu akiona mahali tambarare penye jua anatandaza turubai anike. Asubuhi moja ya mechi ya ligi tulikuta mama mmoja amefunika winga yote ya kulia. Timu ya wageni ilikuwa ya vijana wa Moi's Bridge, watu waliokulia kwenye magunia. Mzee Ndiema hakupiga kelele. Aliwaambia kwamba hayo ndiyo mazoezi ya kupasha mwili, na wakayakusanya mahindi yote huku mama akiwasimamia kama kocha.

Lakini katika yote hayo, alilolishikilia sana ni chokaa. Mnajua udongo wetu wa huku una uchachu, na wakulima huutibu kwa chokaa ya shamba kabla ya kupanda. Hiyo ni mawe yaliyosagwa tu. Unaweza kuipaka usoni ukaenda nayo kanisani. Ndiyo aliyoitumia. Ubaya wake ni kwamba haing'ai sana, na mvua ikija inakwenda nayo. Chokaa nyingine ni ile ya kupaka ukuta, iliyotoka kwenye mawe yaliyochomwa tanuruni, ambayo ukiimwagia maji inachemka yenyewe bila moto. Hiyo ni nyeupe kama maziwa na inashika. Na inakula ngozi.

"Ya ukuta ikae ukutani," alikuwa akisema, karibu kila juma. Kisha alitufundisha kuipima. Unalowesha kiganja, unaweka chokaa kidogo, unafumba ngumi, unataja majina ya watoto wako wote polepole. Ukisikia joto, ama ukisikia inauma, unafungua, unanawa, na ile ndoo inarudi ilikotoka. Mzee Ndiema alikuwa na watoto wengi, kwa hivyo kipimo chake kilikuwa bora kuliko changu. Hii ndiyo habari ya mkono wangu kwenye ndoo zenu.

Basi mtaniuliza, kama alijua hivyo, ilikuwaje. Swali hilo nimejiuliza mpaka nimechoka nalo. Nitawaeleza ilivyokwenda.

Fainali ile ilikuwa ya mikondo miwili. Mkondo wa kwanza tulicheza ugenini, ng'ambo ya mpaka, na wa pili ulikuwa urudi kwetu Kitale. Ule wa kwanza sisi wa uwanjani tuliutazama kwenye televisheni, katika hoteli moja karibu na soko, tumebanana mpaka mwenye hoteli akaacha kuuza chai kwa sababu hakuweza kupita. Kulikuwa na mvua huko pia. Tulikuwa tumefungwa mawili kwa moja, na karibu na mwisho mshambuliaji wetu akapiga mkwaju uliogonga mwamba wa juu ukashuka chini na kuruka tena nje. Hoteli nzima ilisimama. Refa akamtazama mshika kibendera, mshika kibendera akatazama chini, na chini hapakuwa na kitu. Mvua ilikuwa imeufuta mstari wa goli. Kulikuwa na matope tu. Wakasema si bao, na mechi ikaisha hivyo.

Sasa hesabu ya mikondo miwili mnaijua. Tulikuwa na lile bao moja la ugenini, kwa hivyo tukishinda kwetu moja bila, kombe ni letu. Lakini watu wa Kitale hawakuzungumza habari ya hesabu. Walizungumza habari ya mstari. Sokoni, kwenye foleni ya kinu, hata mhubiri alisimama Jumapili akaeleza kwamba kuna watu ambao mistari yao imefutika. Mzee Ndiema alikuwa ameketi mbele na akainama. Alilichukua neno lile kana kwamba alitajwa jina, ingawa uwanja uliotuumiza haukuwa wake.

Kisha akaja mkaguzi wa mashindano. Alikuwa mtu mpole, hakumtukana mtu. Alisema baada ya yaliyotokea, hakutakuwa na mchezo wenye mistari isiyoonekana. Mvua ikifuta mistari na ikashindikana kuirudisha, mechi itavunjwa, na timu mwenyeji ndiyo itakayohesabiwa kuwa imeshindwa. Alisema hivyo akaingia kwenye gari lake, akatuachia mawingu.

Wiki ile Mlima Elgon hatukuuona. Mvua ilikuwa ikija mchana, nyingine ya mawe, na kila ikija inabeba kazi yetu ya asubuhi. Tulichora, ikafuta. Tukachora tena nene, ikafuta, na chokaa ya shamba ikatiririka mpaka kwenye mfereji, mfereji ukawa mweupe na uwanja ukawa kijani. Mwenyekiti wa klabu akaja kutazama. Angefoka ingekuwa afadhali. Aliuliza kwa upole tu, "Mzee, tutaweza kweli?" Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Mzee Ndiema kama anaweza.

Niwaeleze sasa kuhusu nyumba yake. Kule Saboti, kwenye mteremko, alikuwa na nyumba ya udongo aliyoipaka chokaa kwa mikono yake. Aliyachoma mawe mwenyewe, akayazima kwa maji moto, akatia chumvi ili ishike, akapaka. Nyumba ile ilikuwa nyeupe masika na kiangazi. Mtu akikuelekeza njia huko alikuwa anasema ukifika kwa nyumba nyeupe ya Ndiema, kata kushoto. Mvua ya mlima iliipiga miaka nenda miaka rudi na haikuibabua hata kidogo. Kila Krismasi aliongeza mkono mmoja tu wa chokaa, kwa mapambo.

Siku moja kabla ya fainali alikuja na pikapu ya jirani, nyuma ana mapipa mawili yaliyofunikwa kwa gunia. Akafunua. Ndani mlikuwa na uji mweupe mzito, bado una moto. Nikamuuliza kama tutaupima kwanza mkononi, maana ndivyo alivyonifunza. Akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Hii imeshinda mvua kwangu miaka yote," akasema. "Na nyumba yangu haijawahi kuuma mtu."

Nami nikacheka. Ilikuwa kweli. Watoto wake walikua wakiegemea ukuta ule. Kuku walilala chini yake. Ukuta ulikuwa umekaa, umekauka, umekuwa jiwe, na sisi sote tulikuwa tumezoea kuuona hivyo. Hakuna mtu anayeegemea ukuta siku unapopakwa, na hakuna mtu anayepiga mbizi kwenye ukuta kwa uso. Mtu wa mji angenunua rangi dukani. Ni sisi tu, watu wa nyumba za chokaa, tuliokuwa tumeishi na kitu kile karibu hivyo mpaka tukasahau kinavyokuwa kikiwa kibichi.

Alipaka mistari miwili ya goli tu, huku na huku, mahali ambapo matope yalikuwa mabaya. Alipiga magoti akapaka kwa brashi ya ukutani, mkono juu ya mkono, akiwa amejifunga mifuko ya plastiki mikononi. Ile mifuko naikumbuka. Mikono yake alikuwa ameifikiria. Mvua ikaja mchana, ikanyesha ya hasira, ikapita. Tukatoka chini ya paa kwenda kuangalia. Uwanja mzima ulikuwa umefutika isipokuwa ile mistari miwili, imelala pale kama imezaliwa na uwanja. Mwenyekiti alimkumbatia Mzee Ndiema na koti lake lililolowa. Mashabiki waliokuja kununua tikiti walipiga picha. Nilimwambia mzee kwamba sasa hata rubani ataona. Mistari mingine tuliirudisha asubuhi kwa chokaa ya shamba, na hivyo ndivyo mechi ilivyoanza.

Simiyu alikuwa mtoto wa Naitiri. Kipa mrefu, mkimya, asiyependa kupiga mpira mbele bila kuangalia. Alikuwa na tabia ya kuja kwetu kabla ya mechi kutuuliza ni upande gani wa boksi unaoteleza, na wachezaji wanaouliza hivyo ni wachache, kwa hivyo tulimpenda. Siku ile alikuja, akautazama mstari wa goli la kusini, akaugusa kwa njumu. "Mzee, hii umetengeneza kweli," akamwambia Ndiema. "Leo hakuna mtu atasema hakuona."

Tulipata bao kabla ya mapumziko. Moja bila, na tukikaa hivyo kombe letu. Kipindi cha pili Simiyu alikuja kulinda goli la kusini, na sisi wa uwanja tulikuwa tumekaa nyuma yake na majembe yetu na ndoo. Mvua ilirudi, nyembamba lakini haikukoma. Wageni walitusukuma mpaka nyuma. Kocha akawa ameshamaliza kubadilisha wachezaji wote aliokuwa na ruhusa kuwabadilisha.

Dakika za mwisho walipata kona. Mpira ukaja, mtu wao akaupiga kichwa ukampita Simiyu juu, ukatua nyuma yake, ukaanza kubingirika kwenda kwenye mstari. Alijigeuza akajitupa kuufuata. Aliuangukia kwa kifua, na uso wake wote ukaingia kwenye ule uji mweupe, uliolainishwa na mvua na kuvurugwa na viatu mchana mzima. Aliukumbatia mpira akabaki hapo. Refa alikuja mbio, akainama, akauona mstari na mpira uko juu yake, haujavuka. Hata sisi tuliona. Hata watu wa jukwaa la mbali waliona. Akatikisa mkono kwamba si bao, na Kitale yote ikapasuka kwa kelele.

Simiyu alipoinuka alikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka kidevu. Tulicheka, wanangu. Watu walicheka. Mtu wa huduma ya kwanza akaja na sifongo iliyokuwa imetumika kwenye magoti ya watu tangu asubuhi, akampangusa, akamwagia kachupa kadogo ka maji. Hapakuwa na wa kumbadilisha. Simiyu akasema jicho moja linaona, wacha tumalize. Akashika mlingoti kwa mkono mmoja akasimama. Mkono mwingine ulikuwa unafikicha macho na glovu, na glovu zenyewe zilikuwa zimejaa chokaa.

Hapo ndipo Mzee Ndiema alipoacha kucheka. Alimtazama akifikicha, akaitazama mikono yake mwenyewe, nikaona uso wake ukabadilika. Alichukua ndoo ya maji safi tuliyokuwa nayo ya kusafishia majembe, akasimama nayo pembeni ya goli, akimwambia mshika kibendera amruhusu aingie. Mshika kibendera alimwambia asubiri, mchezo unakwisha. Na kweli uliisha. Filimbi ikalia, na watu wakavunja ua.

Walimbeba Simiyu. Yeye ndiye aliyekuwa ameokoa kombe, wangembeba nani mwingine. Alikuwa anasema anataka maji. Wakampa soda anywe. Alikuwa anashika watu kichwani ateremke, wakaona anawabariki. Mzee Ndiema alikuwa anawafuata na ndoo, akigongwa huku na huku, maji yakimwagika, mpaka akafika kwenye kamba ambapo askari walikuwa wamezuia watu kwa ajili ya kombe. Akamwambia askari, "Niachie nipite, ni chokaa." Askari akamwambia, "Mzee, kila mtu anataka kugusa kombe. Ngoja zamu." Picha yenu ilipigwa wakati huo.

Tulipompata ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, ndoo ilikuwa na maji ya kufunika kitako tu. Tukafungua bomba tukamwinamisha chini yake. Ngozi ya kope ilikuwa inatoka na maji. Macho yake yalikuwa meupe mahali ambapo jicho halifai kuwa jeupe. Nje watu walikuwa wanaimba jina lake.

Hospitali ya Kitale ilimpeleka mbele, na huko walikompokea walisema chokaa ile haiunguzi mara moja ikaisha, inaendelea kuingia ndani kadiri inavyokaa, na kwamba maji mengi dakika ya kwanza yangekuwa habari nyingine. Jicho la kushoto lilikufa. La kulia linajua mchana na usiku, basi. Kwa hivyo shikeni hili hata mkisahau mengine yote niliyosema. Chokaa ikiingia jichoni, usipanguse. Fungua kope kwa vidole, mimina maji, mimina tena, uendelee kumimina mtu akilia na hata akikutukana. Usiombe ruhusa ya refa. Mechi na iharibike.

Klabu ilisema ni ajali ya mchezoni. Mtu mmoja redioni alisema Simiyu alipigwa kiatu usoni kwenye ile purukushani, na watu wakaichukua hivyo, kwa sababu kiatu kinaeleweka. Hakuna aliyekuja kutuuliza kuhusu mstari. Ulikuwa umetupa kombe. Mzee Ndiema angeweza kukaa kimya mpaka kaburini, na mimi, nawaambia ukweli, nilitaka akae kimya.

Hakurudi kazini. Nilikwenda Saboti kumwona nikakata kushoto mahali si pake, kwa sababu nyumba nyeupe haikuwepo. Alikuwa ameikwangua kwa jembe, ukuta wote, mpaka kwenye udongo mwekundu. Mkewe alikuwa ameketi nje na vitu vyao, akaniambia nimseme huyu mtu, mvua itaingia ndani. Nyumba ile iko hivyo mpaka leo, na watu wa huko siku hizi huelekeza njia kwa kutumia duka la mbolea.

Akaniambia nimsindikize Naitiri. Alinitaka mimi kwa sababu mimi ni Mbukusu kama watu wa Simiyu, na najua mtu anavyoingia boma la watu akiwa amebeba neno baya. Huendi peke yako, na huendi mikono mitupu, na hukai mpaka uambiwe kaa. Tukanunua kuku. Tulimkuta mama yake Simiyu uani akipukuchua mahindi, na Simiyu ameketi kando yake kwenye kiti cha mbao, anapukuchua pia, kwa sababu kazi hiyo haitaki macho. Mama alipokea salamu. Kuku alimfunga kwenye mguu wa meza na hakumtazama tena. Hakutuambia tukae. Chai haikuletwa, na kwetu chai isipoletwa umeshajibiwa.

Mzee Ndiema alisema akiwa amesimama. "Simiyu, si kiatu ilikupiga. Ni chokaa. Ni mimi nilipika hiyo chokaa kwangu, na mikono yangu, nikaweka pale. Nilikuwa nafunza watu wasiweke hiyo kitu kwa uwanja, halafu mimi nikaweka."

Simiyu aliendelea kupukuchua. Mama yake ndiye aliyesimamisha mikono. "Wewe bado unaona, mzee?" akauliza.

"Naona, mama."

"Basi muangalie vizuri."

Akamwangalia. Sijui ni muda gani, kwa sababu mimi nilikuwa natazama chini. Punje za mahindi zilikuwa zinaanguka kwenye karai, na kisha zikaacha kuanguka.

"Ulikuwa nyuma ya goli," Simiyu akasema. "Ule mpira uliingia ama haukuingia?"

"Haukuingia. Ilisimama juu ya mstari. Niliona na macho yangu."

"Watu wote wa Kitale waliona," Simiyu akasema. "Mimi ndiyo sikuona. Nionyeshe."

Mzee Ndiema akapiga magoti pale uani kwa watu. Hakuwa na kamba. Alichukua gunzi la muhindi akachora mstari kwenye mchanga, ulionyooka, kwa sababu hakujua kuchora mwingine. Akaokota parachichi bichi lililoanguka, akaliweka juu ya mstari, sehemu kubwa ndani ya goli na kipande kidogo nje, kama ilivyokuwa. Kisha akaushika mkono wa Simiyu akaushusha. Simiyu aliupapasa mstari kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akalipapasa parachichi, upande huu, upande ule, akapima kipande kilichobaki nje. Huo ndio mstari wa mwisho Mzee Ndiema aliochora.

Simiyu akaliondoa parachichi akalitupa kando. Akaupangusa mstari kwa kiganja, polepole, mpaka mchanga ukawa sawa, akatuambia twende kabla mvua haijaanza.